Maji Yaliyojificha Sakafuni: Kuandaa Jamvi la Zege Kabla ya Kubandika Mbao au Vigae vya Plastiki

Utangulizi

Goba ni eneo la vilima na mabonde katika viunga vya jiji la Dar es Salaam. Zamani lilikuwa eneo la mashamba ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Leo ni kata ya Wilaya ya Ubungo, na mahali pengi palipolimwa pamesimama nyumba. Wengi wanaojenga huko hujenga kwa akiba, hatua kwa hatua: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, baadaye paa. Sakafu ya kupendeza huwa miongoni mwa kazi za mwisho, na hapo ndipo akiba ya miaka huweza kupotea kwa masika moja.

Mambo huenda hivi. Vipande vya mbao ya msaji, au vigae vya plastiki, hubandikwa kwa gundi juu ya jamvi la zege linaloonekana kavu kabisa. Kwa miezi michache sakafu hung'aa. Mvua za masika zinapoanza, kingo za vigae hunyanyuka, mbao huvimba na kuinuka kama mgongo wa kobe, na mahali pengine sakafu ikigongwa hulia wazi kama kibuyu. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza gundi. Mara nyingi wote wawili hawana hatia kubwa kama ile ya kitu ambacho hakuna aliyekipima, yaani maji yaliyomo ndani ya zege.

Makala haya yanaeleza maji hayo hutoka wapi, hufanya nini chini ya gundi, hupimwaje, na jamvi huandaliwaje. Majaribio yaliyoelezwa yanaweza kufanywa katika maabara ya shule ya sekondari.

Maji ya kukorogea zege

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji haigandi kwa kukauka, kama watu wengi wanavyodhani, bali kwa mmenyuko wa kikemikali kati yake na maji. Ndiyo sababu zege hugumu hata likiwa chini ya maji.

Katika mmenyuko huo kilo 1 ya saruji hufunga kikemikali karibu kilo 0.25 ya maji. Kiasi kingine, karibu kilo 0.15, hushikwa kwa nguvu katika vinyweleo vidogo mno vya saruji iliyoganda. Kwa hiyo kilo 0.4 ya maji hutosha kilo 1 ya saruji. Lakini zege la namna hiyo ni zito kusambaza, na fundi huongeza maji ili lilainike. Uwiano wa 0.6 ni wa kawaida, na mara nyingi huzidi.

Chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na jamvi lenye unene wa milimita 100 kitumike kama mfano:

Ujazo wa zege: 5 × 4 × 0.1 = mita za ujazo 2.
Saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani karibu kilo 320 kwa kila mita ya ujazo: kilo 640, au takriban mifuko 13.
Maji kwa uwiano wa 0.6: 640 × 0.6 = lita 384.
Maji yaliyofungwa na kushikwa: 640 × 0.4 = lita 256.
Maji ya ziada: 384 – 256 = lita 128.

Lita 128 ni zaidi ya ndoo sita za lita 20. Maji hayo yote hayana njia ila kutoka polepole kama mvuke kupitia uso wa juu wa jamvi. Hesabu hii haikutia ndani maji yanayomwagiliwa kwa siku saba au zaidi ili zege likomae vizuri, wala mvua inayolinyeshea jamvi kabla ya nyumba kuezekwa.

Maji ya ardhini

Chanzo cha pili hakikomi. Udongo wa chini una maji, na hasa nyumba iliyochongewa uwanja ubavuni mwa kilima hupokea maji yanayoteremka kutoka juu. Maji hupanda katika vinyweleo vya udongo na vya zege kwa sababu ya mvutano wa uso wake, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Kwa maji safi, kimo cha kupanda (h) katika kinyweleo chenye nusukipenyo (r), vyote kwa milimita, hukadiriwa hivi:

h = 15 ÷ r

Katika udongo wa mfinyanzi wenye vinyweleo vya milimita 0.005, kimo hufika milimita 3,000, yaani mita 3. Kati ya mawe yenye nafasi za milimita 5, kimo ni milimita 3 tu. Hesabu hii fupi inaeleza desturi ya mafundi ya kupanga mawe chini ya jamvi: tabaka la mawe hukata njia ya maji kupanda.

Hata hivyo mawe hukata njia ya maji, wala si njia ya mvuke. Mvuke hupita katika nafasi za mawe na kuingia zegeni. Kwa hiyo juu ya mawe, baada ya kusawazishwa kwa mchanga, hutandazwa karatasi nzito ya plastiki, ambayo mafundi wengi huiita nailoni, yenye unene wa robo milimita hivi. Vipande hupandanishwa, maungio hubandikwa, na kingo hupandishwa ukutani. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya sakafu nzima. Ikiachwa wakati wa kumwaga jamvi, haiwezi tena kuwekwa mahali pake bila kulivunja.

Siku 28 si siku za kukauka

Mafundi na wanafunzi wa ujenzi wanaijua sana idadi ya siku 28. Ni muda unaotumika kupimia nguvu ya zege. Si kipimo cha ukavu. Zege la siku 28 laweza kubeba mzigo wake wote huku likiwa bado limejaa maji.

Kwa kukadiria, mafundi wa Uingereza huhesabu siku moja kwa kila milimita ya unene kwa milimita 50 za kwanza, na muda mrefu zaidi kwa kila milimita inayofuata, kwa sababu maji ya chini yana safari ndefu. Kwa kanuni hiyo, jamvi la milimita 100 huhitaji zaidi ya siku 100, tena baada ya paa kuezekwa, umwagiliaji kwisha, na kukiwa na hewa inayofaa kukaushia.

Sharti hilo la mwisho ni zito katika pwani ya Afrika Mashariki. Unyevuanga ni kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kiasi cha juu ambacho hewa hiyo huweza kubeba katika jotoridi lile. Zege hutoa maji hadi unyevuanga ulio ndani ya vinyweleo vyake ulingane na ule wa hewa ya nje, kisha huacha. Viwango vya Uingereza huagiza kwamba sakafu nyingi za kubandikwa zisiwekwe mpaka unyevuanga wa zege ufike asilimia 75 au chini yake. Katika Dar es Salaam, wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, unyevuanga wa asubuhi hupita asilimia 80. Katika hewa ya namna hiyo jamvi haliwezi kushuka hadi 75, hata lingengojewa kwa muda gani. Miezi ya kiangazi ya Juni hadi Septemba ni bora zaidi, maana mchana unyevuanga huweza kushuka hadi karibu asilimia 60. Maagizo ya muda yaliyoandikwa juu ya kopo la gundi iliyotoka nchi ya mbali hayakuandikwa kwa kuitazama Goba mwezi wa Aprili.

Tena uso wa jamvi hukauka kwanza, nao ndio unaoonekana. Chini yake unyevu hubaki. Sakafu ya plastiki inapobandikwa huziba njia ya mvuke, na unyevu wa ndani hujisambaza upya mpaka ulingane juu na chini. Hivyo uso uliokuwa mkavu siku ya kubandika huwa na unyevu wiki chache baadaye, na safari hii gundi iko juu yake.

Wazee wa pwani hawakupata taabu hii. Sakafu ya chokaa iliyopondwa hupitisha mvuke, na mkeka wa ukindu uliotandikwa juu yake hupitisha pia, tena huweza kukunjwa na kuanikwa. Tatizo lilizaliwa pale kifuniko kisichopitisha mvuke kilipogandishwa juu ya zege.

Kwa nini gundi hushindwa

Maji peke yake hudhoofisha baadhi ya gundi. Gundi nyeupe ya seremala, ambayo ni polivinili asetati, hulainika tena ikilowa. Lakini maji ya zege si maji matupu. Saruji inapomenyuka hutoa kalsiamu haidroksaidi, na maji yaliyomo vinyweleoni huwa na alikali kali yenye pH kati ya 12 na 13.

Katika hewa kavu uso wa zege hupoteza ukali huo polepole, kwa kumenyuka na kaboni dioksaidi:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Unyevu unapopanda kutoka chini huleta alikali mpya hadi kwenye gundi. Gundi nyingi zina esta, na esta ikikutana na alikali na maji huvunjika. Huu ni mmenyuko uleule unaogeuza mafuta ya nazi kuwa sabuni yanapochanganywa na kostiki soda. Gundi hugeuka ute laini wenye harufu kali, na kigae hujiachia.

Mbao ina kisa chake. Katika hewa ya unyevuanga wa asilimia 60, mbao hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 11 ya uzito wake mkavu. Katika asilimia 80, hufika karibu 16. Msaji, kama ule wa mashamba ya Longuza na Mtibwa, hutanuka kwa upana takriban asilimia 0.2 kwa kila ongezeko la asilimia 1 la maji. Sakafu yenye upana wa milimita 4,000 ikiongezeka maji kwa asilimia 3 hutaka kutanuka kwa 4,000 × 0.002 × 3, yaani milimita 24. Gundi huzuia sehemu ya mwendo huo. Sehemu nyingine ikikosa nafasi kandokando ya ukuta, mbao hazina pa kwenda ila juu.

Kupima unyevu

Jaribio la 1: Karatasi ya plastiki. Kipande cha plastiki angavu chenye pande za sentimita 45 kibandikwe juu ya jamvi kwa mkanda pande zote nne, mbali na jua, kwa muda usiopungua saa 16. Kikifunuliwa, matone au weusi juu ya zege ni ushahidi wa unyevu. Wanafunzi waelewe mipaka ya jaribio hili: likionyesha maji, maji yapo, lisipoonyesha, haijathibitika kwamba hayapo, kwa kuwa matone hutegemea pia tofauti ya jotoridi kati ya zege na hewa.

Jaribio la 2: Kalsiamu kloraidi. Kemikali hii ikiwa kavu hunyonya mvuke. Kisahani chenye kemikali hiyo kipimwe uzito, kiwekwe juu ya zege lililosafishwa, kisha kifunikwe kwa chombo angavu kilichozibwa kingo zake kwa saa 72. Tuseme chombo kimefunika eneo la sentimita 25 kwa 25, yaani mita ya mraba 0.0625, na uzito umeongezeka gramu 4.5. Mvuke uliotoka ni:

4.5 ÷ (0.0625 × 3) = gramu 24 kwa mita ya mraba kwa siku.

Kikomo kilichotumika kwa miaka mingi Marekani kwa sakafu nyingi za kubandika ni karibu gramu 15. Jamvi la mfano huu halijawa tayari. Jaribio hili pia hupima zaidi tabaka la juu.

Jaribio la 3: Unyevuanga ndani ya zege. Hili ndilo la kutegemewa zaidi. Tundu hutobolewa hadi asilimia 40 ya unene, yaani milimita 40 kwa jamvi la milimita 100 linalokaukia upande mmoja. Huwekewa mrija, huzibwa, na baada ya muda ulioagizwa na mtengenezaji wa kipimo, haigrometa ndogo huingizwa ndani. Kina hicho kimechaguliwa kwa kuwa unyevuanga wake hukaribia ule utakaokuwapo chini ya gundi baada ya sakafu kufunikwa. Shule isiyo na kifaa hicho yaweza kuweka haigrometa ya kawaida ndani ya sanduku la plastiki lililopinduliwa na kuzibwa juu ya jamvi, na kusoma baada ya siku tatu au zaidi, hadi kipimo kitulie.

Jaribio la 4: Alikali. Uso ulowanishwe kwa maji yaliyotoneshwa, kisha karatasi ya pH iguswe hapo. Kipande cha zege kilichovunjwa kikitonwa fenofthalini, ndani hugeuka waridi na ukingo uliokwisha kumenyuka na hewa hubaki bila rangi. Hapo wanafunzi huona kwa macho jinsi tabaka hilo la usalama lilivyo jembamba.

Kuandaa uso wa jamvi

Kipimo cha unyevu kikisharidhisha, kazi ya uso hufuata utaratibu huu.

1. Kuondoa utando dhaifu. Zege lenye maji mengi linapotulia, maji hupanda juu yakibeba chembe laini za saruji, nazo huganda kuwa utando mwepesi kama unga. Msumari ukiukwaruza kwa urahisi, gundi itashika utando, na utando utajiachia na zege. Usagwe kwa jiwe la kusagia au brashi ya waya. Vumbi lake lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Barakoa inayofaa ni lazima, na kitambaa cha kawaida hakitoshi.

2. Kuondoa mafuta, rangi na nta. Tone la maji liwekwe juu ya zege. Likinywewa baada ya muda mfupi, vinyweleo viko wazi. Likikaa kama lulu, kuna kitu kimeziba, na kitu hicho kitaikataa gundi pia. Kisagwe, kisioshwe kwa asidi, kwa kuwa mabaki yake na maji ya kuoshea huleta matatizo mapya.

3. Kuziba nyufa. Ufa mwembamba uliotulia husafishwa na kujazwa. Kiungo kilichoachwa makusudi ili jengo litanuke kisifunikwe kwa ugumu, maana mwendo wake utapasua chochote kilicho juu.

4. Kunyoosha. Pima maji huonyesha kama sakafu imelala, lakini sakafu iliyolala yaweza kuwa na mawimbi. Kwa gundi, mawimbi ndiyo adui. Rula ngumu ya mita 2 izungushwe kila upande. Nafasi chini yake isizidi milimita 3. Vilima visagwe, mabonde yajazwe kwa mchanganyiko wa kusawazishia, nao uachwe ukauke.

5. Kuondoa vumbi. Sakafu ifagiwe, kisha vumbi livutwe kwa mashine au lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mkanda ukibandikwa na kubanduliwa utoke safi.

6. Kuizoeza mbao. Vipande vikae chumbani kwa wiki moja au mbili, vikiwa vimepangwa ili hewa ipite. Nafasi ya milimita 10 hadi 15 iachwe kandokando ya kuta na kufichwa kwa ubao wa ukutani.

Gundi hupakwa kwa mwiko wenye meno, kwa kiasi na muda ulioandikwa na mtengenezaji. Madirisha yawe wazi, na jiko au sigara visikaribie, kwa sababu mvuke wa baadhi ya gundi hulipuka.

Iwapo jamvi halina plastiki chini

Nyumba nyingi zilimwagiwa jamvi bila karatasi ya plastiki. Hatua ya kwanza ni kuyaelekeza maji mbali: mifereji upande wa juu wa mteremko, mabomba ya kukinga maji ya paa, na uwanja unaoteremkia nje. Hatua hiyo hupunguza unyevu lakini haiukomeshi. Ya pili ni kizuizi cha juu, ama epoksi ya tabaka mbili juu ya zege lililosagwa, ama lami ya moto iliyofunikwa kwa tabaka jipya la saruji na mchanga.

Ikiwa uwezo hauruhusu, au vipimo bado ni vibaya, jibu la sayansi ni kwamba sakafu hiyo isibandikwe kwa gundi. Niru, au vigae vya udongo vilivyolazwa kwa saruji, huvumilia unyevu bila kuoza wala kuvimba, na mkeka juu yake hautadai gharama ya kurudia kazi.

Hitimisho

Jicho huona milimita ya kwanza ya jamvi, na gundi huishi na milimita zote mia moja. Kipande cha plastiki, mkanda na usiku mmoja wa kungoja vyaweza kumwonya mwenye nyumba kabla hajafungua kopo la kwanza. Jaribio hilo lisipoonyesha kitu, haigrometa ndiyo yenye neno la mwisho.

Maswali ya zoezi

1. Eleza kwa nini zege huweza kuganda chini ya maji.
2. Chumba kina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na jamvi la milimita 100. Kwa saruji kilo 320 kwa mita ya ujazo, tafuta maji ya ziada kwa uwiano wa 0.6, kisha wa 0.5. Jibu lako linamshauri nini fundi?
3. Maji yatapanda kimo gani katika mchanga wenye vinyweleo vya nusukipenyo cha milimita 0.1?
4. Jaribio la karatasi ya plastiki halikuonyesha unyevu, lakini haigrometa ndani ya tundu imesoma asilimia 88. Ni kipimo kipi cha kuaminiwa, na kwa nini?
5. Taja mmenyuko wa kikemikali unaofanana na kuoza kwa gundi juu ya zege bichi, na ueleze kufanana kwake.